Kabureta Kutoka Hale

Lori la kutuhamishia kijiji cha ujamaa lilipofika upande wa Kang'ata, vijana waliokuwa wakisaidia walishusha magodoro kwa uangalifu, lakini jenereta yetu iliwaponyoka ikaangukia upande wa kabureta. Mume wangu alipiga magoti vumbini akaipapasa mpaka kidole kikagusa ufa. Hakumgombeza mtu.

"Mama watoto," akaniambia, "hii imekufa."

Alikuwa fundi mitambo kwenye shamba la mkonge karibu na Hale mpaka macho yalipomwachisha kazi. Jenereta ile ndogo aliachiwa na bosi wake aliyerudi kwao Ulaya. Kule tulikotoka tulikuwa tunawasha balbu moja jioni, yeye anakaa chini yake, na aliniambia bado anaona umbo la uso wangu. Kwa koroboi hakuona kitu. Daktari wa macho alishatueleza kwamba mshipa wa macho umeharibika, hautapona. Mume wangu hakukubali. Alisema kilichopungua ni mwanga tu.

Kwa hiyo nikaenda Hale kutafuta kabureta nyingine. Basi lilinifikisha Korogwe, kutoka pale nikadandia lori la mkonge. Kwenye nyumba za wafanyakazi wa kituo cha umeme taa za barazani zilikuwa zinawaka mchana kweupe, hakuna aliyejali kuzizima. Nilizitazama kwa hasira ambayo sikujua nimpe nani.

Fundi aliyefanya kazi na mume wangu zamani alinifungulia kabureta kutoka kwenye mashine mbovu ya kupulizia dawa.

"Shemeji, siku hizi anaona kiasi gani?" akauliza.

"Kidogo."

Alinitazama, akaifunga kabureta kwenye kipande cha gunia, akanipa.

Nyumbani ilibidi nifanye mwenyewe, yeye akiwa kwenye kigoda ananielekeza. Matundu ya boliti yalipishana kidogo, nikayapanua kwa tupa mpaka viganja vikatoka malengelenge. Gasketi ya kuziba katikati tulikata kwenye boksi la sabuni.

"Boya la ndani linacheza?" akauliza. Nilitikisa kabureta sikioni pake. "Linacheza. Sasa kaza, lakini usikaze sana, utaipasua."

Nilivuta kamba ya kuwashia. Jenereta ikakohoa moshi, ikazima.

"Hewa imezidi. Sukuma kile kishikio kidogo."

Nikavuta tena, ikashika. Mlio ulijaa uani, na mama wa Kimasai aliyekuwa anapita na punda wake akasimama kushangaa. Mume wangu alicheka kwa sauti. Nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo tangu tuhame. Jua lilikuwa limeshazama. Nilimshika mkono, tukaingia ndani, nikamkalisha chini ya balbu, nikabonyeza swichi.

Chumba kikawa cheupe. Niliona hadi nyuzi zilizochanika kwenye kola ya shati lake. Yeye alikuwa ameinua uso kuelekea darini, anangoja.

"Washa basi," akasema.

Niliigusa swichi tena, ilikuwa imeshabonyea.

"Mama watoto, washa."

"Imewaka, baba."

Alisimama. Akanyoosha mkono, akapapasa hewani mpaka vidole vikaifikia balbu, akaishika. Ilikuwa ya moto, lakini hakuiachia mpaka nilipomvuta mkono mimi. Kisha akakaa, akaniomba nikazime, tusimalize petroli.

Baada ya hapo petroli yenyewe ikawa haipatikani. Kwa muda aliendelea kuniomba nimpeleke uani akavute kamba ile bila kuwasha, ili injini isigande. Siku moja hakuomba, na mimi sikumkumbusha. Kuku wakaanza kutaga chini ya tangi.

Aliishi miaka mingine mingi. Alijifunza kukoboa mahindi na kusuka kamba za katani, na akawa anawatambua watu kwa vishindo vya miguu yao. Lakini jioni, watu wakimaliza kula na mazungumzo yakinoga, alikuwa anainua uso kuelekea darini, kama siku ile. Nikimuuliza ana nini, anajibu kwamba hana kitu.