Bone scan yangu ilionesha madoa meusi mgongoni, ukoo ukaanza kukusanyika

Wakuu, nawasalimu kutoka Makambako. Baridi ni yetu, msituonee huruma.

Ninachoandika hapa kimenipata mimi mwenyewe, siyo rafiki wa rafiki yangu. Asiyetaka kuamini asiamini, mgongo ni wangu.

Mimi ni mama mtu mzima, nina mjukuu mmoja. Nimezaliwa Makete, nimeolewa hapa Makambako, nauza mitumba ya sweta na makoti. Miaka michache iliyopita nilitibiwa cancer ya titi. Nilifanyiwa operesheni, nikatundikiwa dawa, nywele zikaisha zote na zikaota tena. Tangu hapo nahudhuria clinic Njombe, na kila nikienda naambiwa niko vizuri.

Ila niwaambie ukweli. Ukishaugua ugonjwa ule, huwi mtu wa kawaida tena. Ukikohoa unawaza ni huo umerudi. Ukipungua kidogo ni huo. Hata ukinenepa unawaza.

Sasa mwaka huu ukaanza mgongo.

Chini kabisa, karibu na kiuno. Asubuhi nikiamka umekaza mpaka natembea nimeshika ukuta. Kuinama kufungua belo la mitumba siyo shida sana, shida ni kunyanyuka. Na nikijaribu kuegemea nyuma nasikia kama mtu ananichokonoa na bisibisi.

Nilikaa kimya. Nikajichua kwa dawa za dukani, nikalala na chupa ya maji ya moto. Aliyenishtukia ni mume wangu. Akaniambia, "Mama Neema, unatembea kama umebeba ndoo na ndoo siioni." Yeye siyo mtu wa kuongea sana, akisema kitu ujue amekiangalia muda mrefu.

Nikaenda Njombe kwa daktari wangu. Ni kijana mpole, anaongea kwa kupima. Wakuu, daktari wa kuongea kwa kupima ni mateso kwa mgonjwa kama mimi, maana kila akinyamaza unaandika wosia kichwani.

Alinibonyeza, akaagiza X-ray, akasema pingili za chini zinaonekana zimechakaa. Halafu akasema kwa historia yangu angependa nifanye bone scan, tupate uhakika.

Uhakika wa nini, hakusema. Mimi nilijua.

Kipimo chenyewe huku kwetu hakipo, nikaandikiwa kwenda Dar. Kwa wasiojua, wanakuchoma sindano ya dawa yenye mionzi kidogo, halafu unasubiri masaa unakunywa maji na kwenda chooni. Baadaye unalala kwenye mashine inayokupita juu polepole. Haiumi. Kinachouma ni kulala pale hujui inaona nini.

Binti yangu Neema anaishi Dar na ana mtoto mchanga. Nilikatazwa kumbeba mtoto siku ile kwa sababu ya dawa iliyokuwa mwilini. Basi nilimwona mjukuu wangu kwa mbali, mimi mlangoni, yeye mgongoni kwa mama yake. Nikawaza, kama hii ndiyo mara ya mwisho, yaani hata kumshika sijamshika.

Samahani, nimetoka nje ya mada kidogo.

Nilipewa bahasha yenye picha na report, nikaambiwa nimpelekee daktari wangu. Nikapiga simu Njombe, nikaambiwa amesafiri kikazi, yupo Jumatatu. Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Hapo mtu mwenye akili anaweka bahasha kabatini anasubiri. Mimi nilifika nyumbani Alhamisi, sikuvua hata koti, nikafungua.

Picha ni mifupa ya mwili mzima, mbele na nyuma. Mgongoni chini kuna madoa mawili meusi, moja kulia, jingine kushoto. Hayo niliyatarajia, ndipo panaponiuma. Lakini kulikuwa na mengine. Doa kubwa jeusi tii chini ya tumbo. Mawili usawa wa mbavu. Jingine kwenye kiwiko. Magoti nayo yana weusi.

Nikakaa chini. Nikajua mwili mzima umekwisha.

Report ni ya Kiingereza. Form Four nilimaliza, nasoma kidogokidogo. Nikaona L4/L5, nikaona "facet joints", sikuelewa. Halafu nikakutana na neno ambalo sihitaji mtu anifafanulie, metastasis, yaani cancer imesambaa. Nilijifunza neno hilo wodini, kwa wenzangu ambao sasa hawapo. Lilikuwa limezungukwa na maneno mengine, lakini macho yangu yaligoma kuyasoma. Nikafunga karatasi.

Sasa hapa ndipo nilipofanya kosa.

Nilipiga picha ile karatasi ya mifupa, nikaituma kwenye group la familia, upande wetu wa Makete. Chini yake nikaandika neno moja tu: Niombeeni.

Wenyeji wa huku mmeshaelewa. Kwa wengine niseme hivi. Kwetu mgonjwa wa kupona anaeleza. Anasema tumbo, anasema malaria, anasema daktari kaniambia hivi. Mgonjwa anayesema niombeeni na kunyamaza, watu wanaelewa kwamba anaaga. Nalijua hilo tangu utotoni, na bado niliandika. Sijui, labda kweli nilikuwa naaga.

Mdogo wangu wa kiume aliyeko Iwawa, huko huko Makete, akajibu, "Dada, tumeona. Mungu yupo."

Basi. Hakuna aliyeuliza kitu. Siyo kipimo kinaonesha nini, siyo daktari kasemaje. Wakuu, ndugu wakiacha kuuliza ujue wameshaamua.

Ijumaa nilifungua duka nikakaa tu. Mteja ananiuliza bei ya koti, mimi namwangalia. Jioni nikaanza kumwelekeza mume wangu funguo ya stoo inakaa wapi, mteja gani anaaminika, mbegu za mahindi nimeficha wapi. Akanisikiliza kidogo, halafu akatoka nje akaanza kupasua kuni. Kuni tulikuwa nazo tele. Alipasua mpaka giza likaingia.

Jumapili kanisani mchungaji akaomba kwa ajili ya mama yetu mmoja aliye katika kipindi kigumu. Hakutaja jina. Akina mama wote wakageuka kuniangalia, maana mke wa mdogo wangu alishampigia simu mwenzake wa jumuiya ya kanisa hapa Makambako. Mama mmoja akaja kunishika mkono akanisifia kwamba sijapungua bado. Ile "bado" yake niliondoka nayo mpaka nyumbani.

Jumatatu nikaondoka kwenda Njombe. Nilikataa kusindikizwa. Nilitaka nikiambiwa, niambiwe mwenyewe kwanza, halafu nijue nitarudi na uso gani.

Daktari akaiweka picha kwenye mwanga, akaisoma report yote kimya. Mimi uvumilivu ukanishinda. Nikanyoosha kidole kwenye lile doa kubwa la chini ya tumbo.

"Hili limefika lini?"

"Hicho ni kibofu, mama. Dawa inatoka kwa njia ya mkojo."

"Na haya ya mbavuni?"

"Figo."

"Na kwenye kiwiko?"

"Ulipochomwa sindano."

Niliona aibu, na papo hapo nikapata hasira. Yaani siku zote hizi nimeagana na dunia kwa sababu ya mkojo wangu mwenyewe, na hakuna mtu Dar aliyeona haja ya kuniambia. Nikamweleza hivyo hivyo. Hakucheka, namshukuru kwa hilo.

Lakini madoa mawili ya mgongoni yalikuwa bado pale. Nikayaonesha. Akasema, "Haya ndiyo ya kuzungumza."



Akanieleza kwamba bone scan haioneshi cancer kama watu wanavyodhani. Inaonesha mahali mfupa unapofanya kazi kuliko kawaida, unapojijenga au kujirekebisha. Akaniuliza, "Ukiona moshi kwenye paa la jirani unajua nini?" Nikasema najua wamewasha moto. "Unajua wanapika nini?" Nikasema hapana, mpaka niingie jikoni.

Akasema ndivyo hivyo. Scan ni moshi. Jikoni ni X-ray, historia yako na mwili wako wenyewe.

Akachukua ile X-ray yangu ya mwanzo akaiweka pembeni ya scan. Pingili za mgongo zimeunganishwa kwa nyuma na viungo vidogo, viwili viwili, kulia na kushoto. Ndiyo hizo facet joints. Vyangu vya chini vimesagika, na yale madoa yamekaa juu ya viungo hivyo hasa, pande zote mbili. Akasema cancer ikienda mgongoni mara nyingi hukaa kwingine kwenye pingili, tena hutawanyika bila mpangilio. Hii yangu ni arthritis, hata ule weusi wa magotini. Uchakavu wa viungo, umri, na miaka ya kunyanyua mabelo.

Nikamwuliza kuhusu lile neno. Akanisomea sentensi nzima polepole, kwa Kiswahili. Aliyesoma picha alikuwa ameandika kwamba inaelekea ni uchakavu, metastasis haielekei, na picha zilinganishwe na X-ray. Haielekei. Neno hilo lilikuwa pale pale tangu Alhamisi.

"Una uhakika?" nikamwuliza.

Akafikiri kwanza. Akasema, "Nina uhakika wa kutosha kukuruhusu uende nyumbani." Ila akanionya. Nikiona maumivu yanazidi hata nikiwa nimelala, au miguu inakosa nguvu, au mkojo unanitoka bila mimi kujua, nirudi haraka nisisubiri clinic. Na baada ya miezi kadhaa ataniangalia upya. Akanipa dawa, akaniandikia mazoezi, akanikataza mabelo.

Nilitoka pale sina furaha, nimechoka tu. Njia nzima nilikuwa naangalia mashamba ya chai bila kuyaona.

Nimefika karibu na nyumbani naona moshi mkubwa uani. Naona mabenchi ya kanisa yamepangwa nje. Akina mama wamejifunga khanga kiunoni, sufuria kubwa ile ya shughuli iko jikoni. Wameinamisha vichwa.

Wakuu, nikajua mume wangu amekufa. Nimemwacha asubuhi mzima, na mimi nimebeba habari njema, na yeye hayupo.

Akatokea nyuma ya nyumba amekumbatia kuni.

Nilimkemea mbele za watu, nikamwuliza hawa wamefuata nini. Akasema kwa sauti ndogo, "Wamekufuata wewe." Watu wa jumuiya walikuja na unga na maharage. Mdogo wangu alikuja kutoka Iwawa. Na hakuja peke yake, alikuja na mama.

Mama yangu ni mzee sana, magari yanamtapisha, miaka mingi hajatoka Makete. Nilimkuta jikoni amekaa karibu na moto na mfuko wake miguuni. Mfuko ulikuwa wazi kidogo. Ndani kulikuwa na shuka jeupe jipya, bado lina mikunjo ya dukani.

Sikuuliza. Mzee akisafiri kwenda kwa mgonjwa na shuka jeupe jipya, haulizwi.

Nikapiga magoti kumsalimia, mgongo ukanikumbusha upo. Akaniuliza kwa Kikinga, lugha yetu ya Makete, "Wamesemaje?"

Nikamwambia ni viungo vya mgongo vimechakaa, ni ugonjwa wa kuzeeka, siyo ule. Alinitazama muda mrefu, kama anakagua kama namdanganya.

Halafu akasema, "Kwa hiyo wewe ndiye utakayenizika mimi."

Nikasema, "Ndiyo, mama."

"Basi nimiminie chai."

Kwa daktari sikulia. Nililia pale, nimeshika birika, chai ikamwagika kwenye majivu. Mama akaniambia nisipoteze sukari.

Chakula kililiwa chote. Mama mmoja wa jumuiya alisema unga ukishatoka nyumbani haurudi. Wimbo wa kufariji waliokuwa wameandaa waliuacha, wakaimba wa shukrani. Mdogo wangu nilimsema sana kuhusu ile "Mungu yupo" yake, akasema, "Na wewe dada ile niombeeni yako?" Nikamwongezea maharage.

Nilichojifunza, wakuu, siyo kikubwa. Picha ya hospitali siyo ya kusomwa na mwenye hofu. Ukishindwa kusubiri daktari kama mimi, basi angalau soma sentensi mpaka mwisho. Na kama una historia kama yangu na mgongo unauma, usikae nao kimya kama nilivyokaa. Kapime. Kujua arthritis ni arthritis nako ni matibabu.

Mgongo bado unauma, siwadanganyi. Asubuhi bado nashika ukuta. Na siku moja moja lile neno linanirudia, naitoa report naisoma tena, yote.

Aliyewahi kufanya bone scan aje atueleze aliambiwa nini. Mwenye arthritis ya mgongo anayeishi kwenye baridi kama yetu, unafanyaje asubuhi? Na anayetaka kunicheka kuhusu kibofu acheke, ukoo mzima umeshanicheka, na mama ndiye aliyeanza.