Mkia wa Helikopta ya Shemeji

Kaka wa mke wangu alirusha helikopta ndogo za rimoti kwa miaka mingi, mpaka presha ya macho ilipompofusha. Ndipo aliponipigia simu kutoka Mbeya: "Shemeji, njoo uichukue hii iliyobaki. Huku inakula vumbi tu." Nilirudi nayo kwetu Mlandege, Iringa, ndani ya boksi, mkia ukiwa umefunguliwa.

Niliufunga mwenyewe. Jumamosi asubuhi nikaenda na mke wangu kwenye uwanja nje ya mji. Helikopta ilinyanyuka hadi usawa wa goti, ikaanza kuzunguka kama pia, ikaangukia kwenye njegere za watu. Mke wangu alicheka, kisha akaniona uso, akampigia kaka yake simu na kumweleza.

"Chomoeni kwanza waya wa mota kubwa, msije mkakatwa vidole," alisema. "Mdogo wangu, wewe ndiye macho yangu. Shemeji, kwa rimoti, igeuze pua kushoto."

"Mapanga ya mkia yameinamia kwangu," mke wangu akasema.

"Acha rimoti. Sasa shika pua kwa mkono, izungushe kulia. Yameinamia wapi?"

"Yamekwenda upande wa pili."

"Basi jairo mmeiseti kinyume. Kazi yake ni kuhisi pua ikigeuka na kuirudisha. Yenu inazidi kuisukuma. Ubavuni ina swichi ndogo, igeuzeni. Lakini msirushe. Nisubirini."

Wiki iliyofuata alipanda basi peke yake hadi Iringa. Uwanjani alisimama ameshika mkono wa dada yake. Niliogopa kwamba tumemleta kusikiliza kitu alichonyang'anywa.

Helikopta ilipanda, ikatulia hewani. Upepo ukaipiga, mkia ukatikisika, pua ikarudi mahali pake. Yeye aliinamisha kichwa kuusikiliza mlio.

"Mkia unatetemeka. Jairo ni kali mno, ipunguze."

Nilitua, nikapunguza kidogo, nikapanda tena.

"Hapo!" alisema, na machozi yalikuwa yanamtoka. Akaomba aletwe nilipo. Aliweka vidole vyake juu ya vyangu kwenye rimoti, tukairusha hivyo mpaka betri ikakaribia kuisha, yeye akinibana kidole kila nilipochelewa.

Tulipotua aliniambia asante. Lakini aliyepewa vyote ni mimi: helikopta, ufundi, na shemeji ambaye tangu hapo hupanda basi kila akipata nafasi, na kabla hajanywa chai huniuliza kama upepo umetulia.