Tulivyogawana 10,001

Siku yangu ya kwanza kazini, katika shule ya msingi karibu na Kedowa, mwalimu mkuu alinikabidhi chaki na onyo. "Madam, uko kwa majaribio. Mkaguzi akikukataa, urudi tu kwenu Kipkelion ukamue ng'ombe." Alicheka. Mimi sikucheka, maana kazi ile niliitaka kuliko kitu chochote.

Nilifundisha hesabu. Siku hizi simu hujibu kabla hujamaliza kuuliza, lakini sisi tulitafuta kwa mkono kama namba ni tasa, yaani haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Muhula ule niliandika 10,001 ubaoni. Mbili na tano hazikuingia, kwa kuwa inaishia na moja. Tatu nayo ilikataa, kwa kuwa tarakimu zake zikijumlishwa ni mbili tu. Kupita mia hakukuwa na haja: mia mara mia ni elfu kumi, kwa hiyo namba ile ikigawanyika, kigawo kimojawapo hakina budi kuwa chini ya mia.

Wazazi wengi walikuwa wachumaji chai, basi niligawa kazi jinsi msimamizi anavyogawa shamba kwa laini, yaani mistari ya michai. Kila mtoto alipata laini yake, namba tasa moja, aigawe 10,001 kwa hiyo aone kama kuna baki.

Mkaguzi aliingia bila hodi.

"Mko kwa hii namba tangu lini?"

"Tangu jana, sir."

"Na fractions utafundisha lini? Hii haiko kwa silabasi!"

Niliogopa, kusema kweli. Kabla sijajibu, Chelangat, msichana niliyempa 73, aliruka juu. "Madam, imeisha! Hakuna baki!" Sabini na tatu mara mia moja thelathini na saba. Darasa zima lilipiga kelele.

Mkaguzi aliwageukia wengine. "Kwa hivyo nyinyi wote mmefanya kazi ya bure?"

"Si bure, sir," akajibu Kiprono, mwenye 61. "Bila kupita hizo laini zingine, tungejuaje hakuna kitu huko?"

Laini ya 89 haikuwa na mtu, mtoto niliyempa alikuwa mgonjwa. Mkaguzi akavua koti, akachukua chaki, akagawa mpaka akabaki na thelathini na tatu. "Hata hapa hakuna," alitangaza, akitabasamu kama aliyeshinda. Kisha akaniambia polepole, "Fractions Jumatatu, mwalimu. Nimekupitisha."

Baadaye nilihamishiwa Sotik, nikawa naibu, kisha mwalimu mkuu, na huko ndiko nilikostaafu. Nimeridhika. Walimu vijana huniuliza kazi yenyewe ilikuwa nini hasa. Kina Chelangat hawakunihitaji sana, makofi huwafuata yenyewe. Kazi niliyokaribia kunyang'anywa siku ile ilikuwa kupita dawati kwa dawati, nikimwambia kila mtoto mwenye baki kwamba jibu lake ni sahihi.