Kufuli Kwenye Video ya Mazishi

Mpiga video alitukabidhi DVD ya mazishi ya mama akiwa ameifunga kwa programu yake, tusije tukainakili. Sisi wenye msiba! Hasira ile ninayo hadi leo.

Kwa kuogopa virusi vya flashi za mpakani Tunduma, Windows yangu niliiweka ndani ya mfumo mwingine, kompyuta ndani ya kompyuta. Programu ile ilipogundua hivyo ikaniona mwizi, maana wanaonakili video hutumia ujanja huohuo: ikaachia sauti, ikazuia picha.

Mjomba, mdogo wake mama, alichelewa kuvuka kutoka Zambia, akakuta kaburi limeshafukiwa. Kwetu Mbozi aliyechelewa tunampeleka kaburini kwanza, kisha anaonyeshwa video. Basi akaketi mbele ya kioo cheusi. Tukasikia kwaya, tukamsikia mchungaji, kisha udongo ukianguka juu ya jeneza. Nilizima, nikawasha, wapi.

“Acha, mwanangu,” mjomba akasema. “Wewe niambie tu, uso wake ulikuwaje?”

Siku ya kuaga, mpiga video yuleyule alisimama kati yangu na jeneza, na nilichokiona mimi ni mgongo wake.