Bikoni Kati ya Mikebe

Shamba langu lilikuwa na vyuma vingi kuliko mawe. Si ajabu. Kabla ya Uhuru pale palikuwa kijiji cha Hali ya Hatari, tulikofungiwa ndani ya handaki na seng'enge, na kando yake kambi ya askari. Handaki hilo nililichimba mimi na wanawake wenzangu, watoto mgongoni, kwa hivyo nikisema najua pale palivyo chini ya udongo, sijisifu bure. Askari walipoondoka waliacha mikebe ya nyama, maganda ya risasi na vifuniko vya chupa. Sisi nasi tulipobomoa vibanda tukaacha misumari. Baadaye ardhi ikagawanywa, kila mtu akapewa lake, na mimi na mume wangu tukapata hapo hapo, kwenye mteremko wa kushuka mtoni, si mbali na Nyeri mjini.

Kulima pale kulikuwa kupigana. Jembe lililia kila hatua. Tukapanda kahawa hata hivyo, ikashika.

Chini kabisa, shamba letu lilipogusana na la jirani na ploti ya serikali, wapimaji walikuwa wameweka bikoni, yaani chuma kilichosimamishwa ndani ya simiti kuonyesha kona. Mvua za miaka zilikuwa zimeifunika kwa udongo. Kwingine kote mpaka ulikuwa itoka tu, yale maua yenye mizizi minene ambayo sisi Wakikuyu hupanda mpakani tangu zamani. Kung'oa itoka ya mpaka ni kujitafutia laana. Hivyo ndivyo tulivyolelewa, na ndiyo sababu sikuwahi kuichunga.

Mume wangu akafa. Mvua ndefu ikaja, nikakaa ndani na msiba wangu. Nilipotoka kwenda kuangalia kahawa, nikakuta itoka imetembea. Ilikuwa imeingia upande wangu hatua nane, ikameza mistari mitatu ya kahawa yangu na njia yangu ya kwenda mtoni.

"Mama, itoka iko pale imekuwa siku zote," jirani akaniambia. Alikuwa mtu wa duka Karatina, mwenye kuvaa koti hata jua likiwaka. "Ni majonzi yanakuchanganya. Na maji usijali. Ukitaka kupita, uombe tu."

Niombe tu! Niwe naomba kwenda mtoni kila asubuhi, kama mtoto anayeomba kutoka darasani. Darasa lenyewe nililikalia miaka miwili tu na sikumbuki kuomba. Siku hiyo hiyo nikaenda kwa naibu wa chifu. Akaamua hivi: hakuna mtu kuchuma kahawa ya pale mpaka saveya wa kupima ardhi aje atafute bikoni. Ikionekana, itasema yenyewe. Isipoonekana, mpaka utabaki kwenye itoka.

Saveya alikuja Jumatatu, kijana mwenye viatu vya kung'aa, na mashine ya aina ambayo wanajeshi hutafutia mabomu. Ni fimbo ndefu yenye sahani chini kama kifuniko cha sufuria, na vidude vya kuvaa masikioni. Alituambia ikipita juu ya chuma italia. Ikalia. Ililia pale, ikalia hapa, ikalia tena kabla hajainua mguu. Alichimba mara ya kwanza, mkebe. Mara ya pili, mkebe. Mara ya tatu, mpini wa ndoo.

"Mama," akasema akijipangusa jasho, "hii mashine imechoka. Shamba yako yote ni chuma."

"Si niliwaambia?" jirani akacheka. "Huyu hafugi ng'ombe, anafuga misumari."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimekumbuka jambo. Mwaka uliotangulia ng'ombe wangu alikatwa mguu na bati, nikakasirika, nikaokota takataka yote ya shamba nikaizika ndani ya shimo moja. Shimo lenyewe nililichimba kwenye hiyo kona. Nilitaka iwe mbali na miguu ya ng'ombe, sikukumbuka kuna kitu kingine kinachokaa pale. Kosa lilikuwa langu, na sikulificha. Nikamwambia saveya, mbele ya huyo mwenye koti.

"Unarudi lini?" nikamuuliza.

"Niko na kazi Kerugoya. Labda Alhamisi."

"Njoo Alhamisi. Utakuta pamenyamaza."

Naibu wa chifu akatoa ruhusa ya kuokota takataka, lakini punje moja ya kahawa nisiguse.

Jumanne asubuhi nikaita wanawake sita wa ngwatio yetu, wale tuliokuwa tukilimiana kwa zamu. Jirani naye akamtuma mke wake atuchunge. Akaja na kiondo alichokuwa akisuka, akakaa juu ya jiwe. Wenzangu hawakuacha kumtania.

"Wewe, ukiona nimemeza msumari, umwambie bwana yako!"

"Nitamwambia ulimeza na maji," akajibu, na vidole vyake havikusimama.

Tulifunga kamba, tukagawanya ile kona vipande vyembamba kama matuta ya viazi. Kila mmoja alipiga magoti kwenye kipande chake na spoku ya baiskeli iliyonolewa. Unaidunga polepole, unasikiliza kwa vidole. Mkebe una sauti ya uwazi. Msumari unagonga kidogo kisha unakimbia. Seng'enge inashika spoku, haitaki kuiachilia. Kila tulichopata tulikitia kwenye debe. Shimo langu nililifukua mwenyewe, sikutaka msaada, na mikebe iliyotoka humo ilijaza mikokoteni miwili.

Jumatano rafiki yangu wa karibu, mwenzangu wa rika, akapiga kelele, akiniita kwa neno la rika letu.

"Wakini! Hapa inakwaruza! Hii ni simiti!"

Ilikuwa hatua moja tu kutoka shimo langu, chini ya nyasi ambazo hazijawahi kuguswa. Tayari alikuwa ameinua jembe.

"Weka jembe chini," nikamwambia.

"Una wazimu? Si ndiyo tunatafuta?"

"Tukiichimba sisi, kesho atasema tuliizika sisi. Hiyo nyasi usiing'oe hata jani."

Akanisogelea, akapunguza sauti. "Na kama si yenyewe? Kama ni msingi wa choo cha askari?"

"Basi nitakuwa naomba ruhusa ya kwenda mtoni."

Akaliweka jembe chini. Tuliendelea kuokota pande zote, mpaka ile simiti ikabaki peke yake.

Alhamisi saveya akaja, na jirani na mke wake, na naibu, na wazee. Kijana akavaa mashine yake akaanza kwenda haraka haraka.

"Polepole," nikamwambia. "Unafagia kama mtu anayefukuza kuku."

Akapunguza. Pakawa kimya. Akapita kipande cha kwanza, cha pili, cha tatu, kimya. Kwenye cha nne mashine ikalia. Akarudi upande wa pili, ikalia pale pale. Nikamwambia jirani achimbe mwenyewe. Akampa mfanyakazi wake jembe. Zikatoka nyasi, udongo mwekundu, kisha simiti, na katikati ya simiti kichwa cha chuma chenye kutu. Kutoka pale hadi kwenye itoka yake zilikuwa hatua nane.

"Wameipanda!" jirani akasema. Akamgeukia mke wake. "Wewe ulikuwa hapa. Waambie walichofanya!"

Mama yule akasimama, kiondo mkononi. "Ulinituma niangalie, nikaangalia. Siku mbili wametoa tu. Hakuna kitu waliweka."

Saveya akaandika. Kisha akaniuliza tulivyopasafisha, nikamweleza, na alinisikiliza kama mwanafunzi. Mara mbili baadaye alinitumia gari nikaonyeshe vibarua wake kwenye makambi mengine ya zamani, moja huko Kutus. Kijana wa vyeti vyake, na mimi wa darasa la pili.

Lakini siku hiyo wazee walitaka kumtoza jirani mbuzi. Nikawaambia mbuzi sitaki. Nataka airudishe itoka kwa mikono yake mwenyewe, mchana, watu wakiona. Wakakubali. Akavua koti.

Nilifunga kamba kwenye bikoni, nikaivuta mpaka juu, nikasimama kando. Akapanda shina la kwanza, la pili. La tatu nikaliangalia.

"Hilo limeingia kwangu. Toa."

Akamtazama naibu. Naibu akatazama kahawa. Jirani akaling'oa, akalipanda tena. Mpaka ulikuwa mrefu, na mimi sikuwa na haraka.