Serumu Zilizongojea Wakubwa

Berthe alikuwa na miaka ishirini na sita ya uuguzi, na muda huo wote ulimzoesha kumpima mtu kwa viatu vyake. Mlima ulipoporomoka juu ya kijiji kimoja cha wavuvi, karibu na Mahagi-Port, Fulgence, mkuu wa kikosi chao cha shirika la misaada, alivaa buti mpya za mpira. Wiki ilikwisha buti zikiwa bado zinang'aa.

Walitoka Bunia alfajiri. Risasi zilikuwa zimenyamaza tangu Pasaka, ila barabara ya Djugu hakuna aliyeiamini. Walisimamishwa kwenye vizuizi mara nne, na kila mara Fulgence alitoa karatasi zenye mihuri na kuwahutubia kwa Kifaransa vijana waliotaka sigara tu. Berthe aligeukia dirisha asije akacheka.

Waliookoka walikuwa wamejibanza shuleni wakinywa maji ya ziwa, na siku ya tano kolera ikaanza. Asubuhi hiyo lori lilileta makarto ya serumu, maboksi ya maji ya kutundikiwa mshipani. Wanaume wa kijiji wakayashusha. Fulgence akaamuru yapangwe uwanjani, yafunikwe kwa bendera ya shirika, yasiguswe. Wakubwa wa shirika walikuwa njiani pamoja na mpiga picha.

"Mama Berthe, ungojee kwanza bakubwa bafike," alimwambia. "Habatakawia."

Walikawia saa tatu. Darasani, juu ya madawati yaliyounganishwa, alilazwa mwanamke aitwaye Priscille. Macho yake yalikuwa yamezama, na ngozi ya mkono ukiifinya ilibaki imesimama. Berthe alimnywesha maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, akayatapika yote. Huyo alikuwa mgonjwa wa kutundikiwa serumu, si wa kijiko. Mkasi ulikuwa mfukoni mwa Berthe. Mara mbili alitoka hadi kwenye makarto, mara mbili akarudi mikono mitupu, akiwaza mkataba wake uliokuwa unakwisha Desemba.

Wakubwa walipomaliza hotuba na bendera ikafunuliwa, Priscille alikuwa ameshafunikwa kitenge usoni.

Mwezi uliofuata kikosi kiliitwa kwenye hoteli moja mjini Bunia, eti kutafakari. Kulikuwa na soda, biskuti na vikaratasi vya rangi. Kila mtu aandike somo moja alilolipata. Dominique, mtu wa vifaa, aliandika kwamba mahema yalikuwa madogo. Berthe aliandika: Priscille alikufa akingojea picha. Fulgence akakisoma kikaratasi hicho, akakibandika chini ya neno "mawasiliano", kisha akauliza ni nani anayefuata.

Tangu hapo Berthe alimdharau kwa moyo mmoja. Alimwiga sauti jikoni, wanawe wakacheka. Dharau ile ilikuwa tamu, tena ilimpa usingizi.

Mkataba wake uliongezwa. Januari akatumwa tena kule ziwani kuchanja watoto, na Léon, mume wa marehemu, akaja kumsalimia na samaki wakavu waliofungwa kwa kamba. Alimshukuru kwa kijiko kile. Berthe hakuweza kuvumilia. Alimweleza habari ya Fulgence, bendera, na serumu zilizokaa juani hatua thelathini kutoka mlangoni.

Léon alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nilijua, Mama," alisema. "Miye njo nilishusha ile makarto. Nilikuwa naangalia weye. Nikasema, munganga iko hapa, yeye njo anajua saa ya kuifungua."

Hakukuwa na hasira katika sauti yake. Aliweka samaki kwenye kiti cha gari, akaenda zake.

Berthe alichanja watoto mpaka jioni.

Mwezi wa tatu Fulgence alipandishwa cheo. Ofisini watu walingoja kwa hamu wasikie Mama Berthe atasema nini, maana ulimi wake waliujua. Yeye alijipanga pamoja na wengine kwenye mstari wa kumpongeza, zamu yake ilipofika akampa mkono.