Wiki ya Pasi Kabambare

Pascaline Lutala hakuwa mtu wa kelele. Ukimuudhi alinyamaza, na wenzake wa ofisi ya mji wa Kasongo walishajifunza kwamba ukimya wake ndio wa kuogopwa. Alikuwa mchumi wa serikali. Kampuni ikitaka kupandisha bei ya umeme au ya maji, yeye ndiye aliyepewa makaratasi ayachambue, aseme kama bei hiyo ni ya haki au ni wizi uliovaa tai. Sokoni hakuna aliyeielewa kazi yake. Waliona tu mama wa makamo, mwenye miwani na daftari, anayeuliza maswali mengi kuliko anavyonunua.

Alizaliwa Lusangi, kwa wakulima wa mpunga na karanga, na alisoma kwa mwanga wa koroboi mpaka pua ikawa nyeusi kwa moshi. Kwa hiyo miaka mitatu iliyopita, kampuni ya umeme wa jua ilipoanza kuwasha taa Kasongo na Kabambare, na serikali ikamwagiza atunge kanuni ya bei, aliitunga kwa moyo wote. Kila mita ingeanza mwezi kwa bei ya chini. Ikishapita kipimo fulani, bei ingeruka mpaka mwezi uishe. Anayetumia kidogo, alisema, ni maskini, basi alipe kidogo. Anayetumia sana ni tajiri, naye alipe kitajiri. Alisifiwa sana kwa kanuni ile. Na yeye alijisifu kimoyomoyo, tusimfichie.

Mwaka huu kampuni ikaomba kuipandisha ile bei ya juu karibu maradufu. Ya chini haiguswi, iliandika kwa upole, watakaoumia ni matajiri tu. Mkuu wa ofisi, Antoine, mtu mwema kwa kila jambo lisilomgharimu, aliona hakuna la kujadili. Alimwita Pascaline, akamwonyesha barua iliyokuwa ndani ya droo yake: cheo kipya, na uhamisho kwenda Kindu, makao makuu ya jimbo. Ilibaki sahihi moja tu. Pascaline aandike kwamba ameikubali bei mpya, maoni yake yasomwe mbele ya kamati ya bei katika kikao cha hadhara, kisha aanze kufunga mizigo.

Kilichomzuia ni mchoro mmoja. Ulionyesha matumizi ya umeme ya Kabambare siku kwa siku, na kila mwezi ulikuwa vilevile: siku tano za kwanza umeme unapanda sana, halafu unaporomoka na kulala chini mpaka mwezi uishe. Chini yake kampuni ilikuwa imeeleza kwamba hao ni matajiri waliopokea mishahara. Pascaline aliisoma sentensi hiyo mara tatu, na kila mara ilizidi kumchefua. Mshahara gani, Kabambare? Walimu wa kule hulipwa siku serikali inapowakumbuka. Wachimbaji wa dhahabu hupata siku udongo unapotaka. Nani kule anaishi kwa kalenda?

Aliomba gari la kazi. Antoine akamjibu kwamba ofisi haina mafuta ya kuchoma kwa udadisi. Basi alikodi pikipiki kwa pesa zake, wakapitia Wamaza, wakaanguka mara mbili kwenye tope, na mara ya pili dereva ndiye aliyelalamika, si yeye. Alifika Kabambare tarehe mbili, matope mpaka magotini, na orodha ya wateja kumi ambao kampuni iliwaita matajiri. Wa kwanza aliitwa Hidaya.

Uani kwa tajiri huyo alikuta foleni. Wanawake na wanaume wamesimama na mabeseni ya nguo, na mbele yao meza moja, pasi moja ya umeme, na mchimbaji mmoja kutoka Kivu aitwaye Byamungu akinyoosha shati la nane. Sare za shule, vitenge vya kanisani, kanzu za Ijumaa, vyote vilikuwa vinangoja zamu. Pascaline aliuliza kuna sherehe gani. Byamungu akacheka, akamweleza kwamba hiyo ni wiki ya pasi. Mwanzo wa mwezi umeme ni rahisi, kwa hiyo mtu ananyoosha nguo za mwezi mzima. Ikifika tarehe sita au saba bei inaruka, pasi inafungiwa sandukuni, na atakayeigusa atagombana na wakaaji wote wa uwanja.

Pascaline alikaa kwenye ukingo wa baraza. Akautoa ule mchoro: siku tano za kupanda zilikuwa siku za pasi.

Hidaya mwenyewe alikuwa mjane, muuza mafuta ya mawese, mwenye sauti ya kuamrisha soko zima. Alimpa mgeni maji, kisha akajibu maswali yake moja baada ya jingine. Uwanja ule ulikuwa na vyumba saba, na kila chumba kilikuwa nyumba ya watu, na jiko lake na watoto wake. Mita ilikuwa moja, kwa sababu kampuni humpa mita mwenye karatasi ya kiwanja, na kiwanja kina karatasi moja. Waliomba mita nyingine, wakarudishwa. Kwa hiyo nyumba saba zilichanga kwenye mita ya Hidaya, na kampuni ikamletea barua ya kumpongeza kwa kuwa mteja mkubwa.

"Miye mukubwa wa nini?" Hidaya akauliza, akionyesha uani kwa kidole. "Hapa iko nyumba saba, compteur iko moja. Nani aliandika ile sheria ya kurukisha bei?"

Pascaline angeweza kusema ni kampuni. Angeweza kusema ni Kindu, au ni Kinshasa, na hakuna pale ambaye angembishia. Lakini alikuwa ameshaona kila kitu: maskini saba ukiwajumlisha kwenye waya mmoja, kwenye karatasi wanaonekana tajiri mmoja. Kwao Lusangi kila nyumba ilikuwa na shamba lake na njia yake, na yeye, pamoja na shahada zake zote, hakuwahi kujiuliza nyuma ya mita wamekaa wangapi.

"Ni miye, mama," akasema.

Byamungu aliisimamisha pasi wima. Foleni yote iligeuka.

"Miaka tatu tunagombana hapa juu yako," Hidaya akasema taratibu. "Sasa umekuja kufanya nini?"

"Kuhesabu tena."

"Basi anzia hapa. Na usihesabu nyaya. Hesabu watu."

Alihesabu siku nne. Aliingia kila uwanja wa orodha ile, akaandika kila mlango na jina la anayelala ndani. Kati ya matajiri kumi, wanane walikuwa viwanja vya wapangaji, na kila kimoja kilikuwa na wiki yake ya pasi. Matajiri wa kweli walikuwa wawili, mwenye nyumba ya wageni na mwenye friza tatu za samaki. Alirudi Kasongo akiwa na homa na hasira, na hasira ndiyo iliyomwezesha kuandika.

Antoine aliisoma taarifa, akainuka, akafunga mlango. Alimwambia, bila ubaya, kwamba hiyo kanuni anayoibomoa ni ya kwake. Akiibomoa anajibomoa, na Kindu hawamtaki mtu aliyekosea miaka mitatu. Alimpa njia ya kutokea: atie sahihi sasa, mambo ya wapangaji yatatazamwa mwaka ujao, kwa utulivu. Pascaline alifikiria nyumba ya Kindu, na mshahara wa Kindu. Alivitaka, na alivitaka sana. Kisha akafikiria lile sanduku linalofungiwa pasi.

"Chef, ile barua ibaki kwenye droo yako," akasema. "Miye sitasaini."

Kikao kilifanyika Jumamosi katika ukumbi wa parokia. Kampuni iliwakilishwa na mkurugenzi wake, Gédéon, kijana wa maneno laini na viatu ambavyo havikuwahi kukutana na barabara ya Kabambare. Aliutundika mchoro ukutani, akaeleza habari za matajiri na mishahara yao. Halafu Pascaline akasimama, akasoma majina ya milango, uwanja baada ya uwanja, polepole, mpaka wajumbe wa kamati wakaacha kuangalia simu. Alipomaliza, Gédéon alikuwa anatabasamu. Alikuwa amefanya utafiti wake.

"Madame anasema hii kanuni iko mubaya," akasema. "Atuambie basi, nani aliiandika?"

Antoine aliinamia viatu vyake.

"Niliiandika miye, Pascaline Lutala. Miaka tatu niliita masikini tajiri, na watu wakalipa. Leo naikataa mbele yenu wote. Na bei yenu imesimama juu ya kanuni hii, kwa hiyo inaanguka nayo."

Gédéon akawageukia wajumbe, akauliza watamwaminije mtu anayekiri mwenyewe kwamba hajui kuhesabu. Jibu halikutoka mezani. Lilitoka nyuma, karibu na mlango, alikosimama Hidaya, aliyefika na pikipiki asubuhi ile, akiwa na Byamungu. Kitenge chake kilikuwa kimenyooshwa, hakina hata mkunjo mmoja.

"Huyu alikosa, halafu akakuja kwetu, akahesabu," akasema. "Weye ulikuja siku gani?"

Gédéon akautoa mchoro wake ukutani, akaukunja.

Kamati ilikataa bei mpya, ikaagiza kila mita, Kasongo na Kabambare, ihesabiwe upya kwa nyumba zilizo nyuma yake. Hidaya alirudi nyumbani na nakala ya agizo hilo kifuani. Barua ya Kindu ilibadilishwa jina, akapewa mwingine. Pascaline alilia jioni moja, jikoni kwake, kisha akaosha uso na kupika.

Siku chache baadaye Antoine alimletea kumbukumbu za kikao azitie sahihi. Alikuwa amezisafisha kwa wema wake wote. Mahali pa kosa paliandikwa "hitilafu ya kiufundi". Pascaline alichukua kalamu, akayakata maneno hayo kwa mstari mmoja, akaandika juu yake kwa herufi kubwa: KOSA LA MCHUMI PASCALINE LUTALA. Ndipo akatia sahihi.

Antoine akamkumbusha kwamba karatasi hizo zitakaa kwenye kabati la serikali miaka yote. Wajukuu wake watakuja kulisoma jina lao pale.

"Wasome, chef," akasema, akachukua daftari lake, akatoka kwenda kuhesabu milango ya Kasongo.